Jirani wa Chini Hana Paa

Alizaliwa wapi na ukoo wake ulianzia kwa nani, sijui, na hata ningejua nisingeanzia huko. Yeye mwenyewe hakuanzia huko. Ukimuuliza kwao, alikujibu kwa kukuuliza kwenu, na ukishamtajia kwenu, umekwisha. Nilimjua miaka mingi pale Kilwa Kivinje, mimi nikikaa juu na yeye chini, na nyumba nzima ilimwita Jirani wa Chini. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua, ila siliandiki, maana kwenye mlango wetu halikuwa na kazi. Mtu akija kumtafuta kwa jina hilo tulijua ni mgeni, tukamwambia asubiri.

Nyumba ni ya zile za zamani, ghorofa moja, kuta nene za mawe na chokaa, aliijenga tajiri mmoja wa Kihindi ambaye wajukuu zake walishahama. Ikawa mikononi mwa shirika la nyumba la serikali. Ilipokuja enzi ya ruksa, maduka yakapata tena sabuni na watu wakaanza kusahau foleni, shirika likaona nyumba ni mzigo, likatuita wapangaji wanne na kumpa kila mmoja mkataba wa miaka mingi kwa sehemu yake. Tulipiga vigelegele. Baada ya wiki mbili hivi Mama Nesi akavaa miwani yake, akausoma mkataba mpaka mwisho, akatuambia kwamba pamoja na nyumba tumepewa na ubovu wake. Matengenezo ya jengo zima yalikuwa juu yetu sote wanne, sawa kwa sawa.

Mama Nesi alikaa juu, upande wa nyuma. Alikuwa muuguzi mstaafu kutoka uwanda wa Makonde, mtu wa kanisani, maneno machache, saa mkononi, na kwa sababu ya ile miwani tukamfanya mwenyekiti wa nyumba. Mimi, mama wa watoto, nilikuwa juu upande wa barabarani, na cherehani yangu ya miguu. Chini nyuma alikuwapo mzee wa samaki wakavu. Chini mbele, penye baraza pana la kuuzia, ndipo alipokuwa yeye na mitumba yake.

Mitumba ndiyo iliyotukutanisha na ndiyo iliyotukosanisha. Kabla yake nilikuwa nashona: magauni ya Idd, sare za shule, mashati ya bwana harusi. Robota la kwanza lilipofunguliwa pale barazani, wateja wangu wote wakawa wameinama juu yake, hata wale niliokuwa nimeshawakatia vitambaa. Nilisimama dirishani nikamtukana kimoyomoyo. Jioni akapanda ngazi na suruali kumi na kitu begani. "Fundi," akaniambia, "wazungu wana miguu mirefu kuliko akili. Nipunguzie hizi." Tangu siku hiyo nikawa nakula kwa mikono ya yule yule aliyenivunjia kazi. Ukitaka kumjua Jirani wa Chini, anzia hapo.

Yeye mwenyewe alivaa kile kilichomshinda kuuza. Kuna mwaka aliuza barazani akiwa na koti refu la sufu, jua la Kilwa limesimama utosini, jasho linamtiririka mpaka kwenye visigino, na akimwambia kila mpita njia kwamba koti likizuia baridi linazuia na joto. Lilinunuliwa. Kesho yake alivaa suruali ya mtu wa kuteleza kwenye theluji, inayolia shwa shwa akitembea, kwa hiyo kwa muda fulani tulikuwa tunamsikia kabla hatujamwona. Msikitini alikwenda na kanzu moja ya kuazima kwa mzee wa samaki, na alinusika hivyo, na alikaa safu ya mbele.

Sasa nieleze habari ya paa.

Mabati ya nyumba ile yalikuwa yameoza, na kenchi zake zilikuwa chakula cha mchwa. Masika moja maji yalinijia kitandani, yakaja mezani, mwisho yakaja juu ya cherehani. Mama Nesi akaitisha kikao ngazini. Fundi mwashi, Mmatumbi mmoja mwenye mikono kama makoleo, akatutajia gharama, tukaigawa mara nne. Mama Nesi akatoa palepale, kutoka kwenye bahasha. Mzee wa samaki akalia kidogo, akatoa. Mimi nikatoa. Jirani wa Chini akatuangalia sote kwa huruma.

"Jamani, mimi sina paa," akasema.

Tukamuuliza ana maana gani.

"Ninyi wa juu ndio mna paa. Mimi nikitazama juu naona dari. Na dari ile ni nini? Ni sakafu ya fundi hapa. Sasa mimi maskini ya Mungu nakaa chini ya sakafu ya mtu, mnataka nilipie na kofia yake?"

"Na mzee wa samaki je?" Mama Nesi akamuuliza. "Yeye si yuko chini kama wewe? Mbona ametoa?"

"Yule ametoa kwa sababu ya harufu. Anatuomba radhi."

Mzee wa samaki alicheka mpaka akakohoa, hali ndiye aliyetukanwa. Hilo ndilo lililokuwa tatizo la kumdai yule bwana. Ulikwenda kwake na hasira zako zimekaa sawasawa, ukarudi mbavu zinauma na mkononi una embe.

Mvua haikungoja hoja zake ziishe. Fundi mwashi alikubali kumaliza kazi bila fungu la nne, kwa sharti la rehani, na rehani pekee iliyokuwa na thamani katika nyumba ile ilikuwa cherehani yangu. Mama Nesi alitaka kutoa redio yake, fundi akaitikisa, akairudisha mezani. Basi paa likaezekwa, nikalala pakavu, na asubuhi cherehani yangu ikateremshwa ngazi, ikapakiwa kwenye mkokoteni, ikaenda zake. Fundi mwashi akaniambia ataitunza mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Ukiandama fungu halijalipwa, anampa mtu wa Kilwa Masoko aliyekwisha kuitamani. Mwenye kujua kazi ya ushonaji atanielewa. Ramadhani ndiyo mavuno yetu. Fundi anayeingia Ramadhani bila cherehani, mwaka wake mzima umeliwa, na kodi yake, na ada ya watoto wake.

Nikawa napunguza suruali za watu kwa sindano ya mkono, karibu na dirisha, mpaka vidole vikafanya sugu. Siku ya tatu Jirani wa Chini akapanda na mzigo mwingine, akanikuta hivyo.

"Pole sana, fundi! Cherehani iko wapi? Nani kakufanyia unyama huu?"

"Wewe."

"Mimi?" Akakaa kwenye kigoda, mkono kifuani. Wallahi alikuwa na uchungu wa kweli, macho yake yalionyesha. "Mungu anisamehe," akasema, akashuka, na baada ya muda ikaja sahani ya pilau, na kuku, na kachumbari. Fungu halikuja.

Nisije nikaeleweka vibaya. Hakuwa bahili, na hili ndilo lililotutia wazimu. Sanda za wageni wanaokufa hospitali bila ndugu alizitoa yeye. Wagonjwa wa vijijini waliokwama Kivinje bila nauli walielekezwa barazani kwake, na hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Karibu na Idd alitenga fungu la nguo za watoto na kuliita "zilizoliwa na panya", na maskini walijua waje siku gani kuchukua zilizoliwa na panya, mpya kabisa, zingine na karatasi zake bado. Mama Nesi alipiga hesabu siku moja akaona kwamba chai na maandazi aliyowanunulia watu waliokwenda kumdai ile fedha yalikuwa yamekaribia kuifikia fedha yenyewe. Alimwambia. Akajibu kwamba chai ni chai na paa ni paa.

Tulipomkumbusha kwamba dawa ya deni ni kulipa, alisema anaijua dawa hiyo, ni nzuri, ila yeye hajaumwa. Mimi nilikuwa nikimwamkia kila asubuhi kwa adabu zote, maana alinizidi umri. "Shikamoo, jirani. Nimekuja kwa ajili ya ile ya paa." Naye: "Marahaba, mwanangu. Paa la nani?" Tukaanza upya.

Ngao yake kubwa ilikuwa utani. Kila mtu kwetu ana watani, makabila yaliyopigana zamani na babu zao wakapatana wacheke badala ya kuuana. Mtani anaweza kukutukana sokoni, akachukua kuku wako, akakulilia msibani kwa kejeli, na wewe huna ruhusa ya kununa. Watu wengine wana watani wawili watatu wa kurithi. Jirani wa Chini aliwaokota. Yeyote aliyemfuata kwa madai, kwanza aliulizwa kabila, na kabla hajakaa vizuri alikuwa ameshakuwa mtani. Mimi nilipomtajia kwamba ni Mmwera akapiga kofi. "Mmwera! Fundi, mbona ulinificha? Mimi Mngindo! Babu zako walimwibia babu yangu unga wakati wa njaa, mpaka leo ukoo wetu unakula kwa wasiwasi!" Wazee wanaojua mambo ya makabila huenda wakabisha. Hapo barazani hakuna aliyebisha, wala mimi sikupata nafasi.

Shirika lilimtuma ofisa kutoka Lindi, na Land Rover na faili, kuja kumtisha kwamba atanyang'anywa mkataba. Tulijaa dirishani kutazama. Ofisa akashuka amekunja uso. Akaulizwa kwao. Tabora.

"Mnyamwezi!" Jirani wa Chini akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia. "Wapagazi wetu wamerudi! Jamani, mleteeni mzigo abebe, asije akaumwa mabega kwa kukosa kazi!"

Hapo alimpata, maana utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani haupingiki. Ofisa alijaribu kukunja uso tena ukakataa. Alikula samaki, akanywa madafu, akaondoka amevaa jaketi zuri la kahawia ambalo hakulilipia, kwa haki ya utani, na faili akalisahau kwenye robota. Mama Nesi alilirudisha kwa basi.

Nikampeleka Jirani wa Chini baraza la kata. Nilivaa vizuri, nikaeleza toka mwanzo: mkataba, mvua, rehani, mwezi unaokuja. Wazee wa baraza walinisikiliza na nikaona nimewagusa. Akaulizwa yeye ana la kusema.

"Waheshimiwa, huyu bibi ni Mmwera, mimi Mngindo. Huyu ni mtani wangu. Hanidai, ananitania."

"Sikutanii!" nikasema kwa ukali.

"Mnamwona?" akawaambia. "Mtani hodari hacheki."

Baraza likaangua kicheko. Mwenyekiti akapangusa macho, akasema mashauri ya watani baraza lake haliyaandiki, twende tukamalizane kwa desturi yetu. Nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe, nikalia. Mwezi wa Shaabani ulikuwa umeshafika katikati. Jirani wa Chini alinijia na soda, nikaimwaga chini mbele yake, na hata hilo akalihesabu kuwa utani mzuri.

Wakati huo huo alikuwa anauguza. Shangazi yake, bibi aliyemlea, aliletwa kutoka Miteja akiwa hajiwezi, akawekwa chumba cha mbele, chini kabisa ya chumba changu. Jirani wa Chini alimwogesha kwa mikono yake na kumlisha uji kwa kijiko, na alimfukuza mteja yeyote aliyepiga kelele. Mchana akiwa barazani mimi nilikuwa nashuka kumkanda bibi miguu, na Mama Nesi alimpa dawa kwa saa zake. Bibi alikuwa amekwisha mwili lakini ulimi ulikuwa mzima. Siku moja akaniuliza mbona vidole vyangu vimechakaa hivi, nikamweleza yote, pamoja na baraza la kata.

"Huyu mwanangu hadaiwi kwa mdomo," akasema. "Tangu mdogo. Ukimwambia leta, anaficha. Mngoje kwenye shughuli."

"Shughuli gani, bibi?"

"Yangu haiko mbali."

Nikamwambia asiseme hivyo. Akanitazama kama mtu anayemtazama mwanafunzi mzito. "Wewe si mtani? Si amekutangaza mwenyewe mbele ya wazee? Basi fanya kazi ya mtani. Usiponisimamisha mlangoni nitaona mmenitoa kama paka."

Alifariki siku chache kabla ya mwezi kuandama, asubuhi, mkono wake ukiwa kwa Jirani wa Chini. Innalillahi. Nilisikia kilio chake kikipenya sakafuni, na zile hasira zangu zote sikuziona zimekwenda wapi. Nilishuka, nikaosha vyombo vya msiba, nikalia na wanawake wenzangu. Mchana bibi alikuwa ameoshwa na kuvikwa sanda, jeneza likaletwa, wanaume wakalibeba mabegani watoke. Mimi na Mama Nesi tulikuwa tumekaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, mguu huu na mguu huu, tumeziba njia yote.

Ilibidi nimwombe Mama Nesi mara moja tu. Aliniuliza kama ni halali katika desturi, nikamwambia ni halali, akavua saa akaitia mfukoni.

"Hapiti mtu hapa," nikasema.

Shehe alikuja mbele. "Fundi, kuna nini tena?"

"Mimi ni mtani wa mfiwa, shehe. Baraza la kata ni shahidi wangu."

Minong'ono ikapita nyuma ya jeneza. Wazee wawili wa lile baraza walikuwamo msibani, wakaanza kutazama ardhi, lakini mabega yao yalikuwa yanatikisika. Jirani wa Chini akapenya kwenye watu, macho mekundu, amevaa ile kanzu ya kuazima.

"Mtani, unataka nini siku kama hii?"

"Ushuru."

"Ushuru wa nini?"

"Wa boriti. Ulituambia wewe mwenyewe kwamba dari hii ni sakafu yangu. Bibi yangu huyu amelala chini ya mali yangu muda wote huu, na sasa anataka kupita chini ya boriti zangu kwenda zake. Hapiti bure."

Kicheko kilianzia ua wa nyuma kwa wanawake kikaja mpaka mbele. Alitia mkono mfukoni akanitupia sarafu mapajani. Nikazitazama.

"Hii ni ya boriti moja."

"Kwani ziko ngapi?"

Mama Nesi, ambaye sikuwahi kumsikia akifanya mzaha toka nimjue, aliinua uso akaanza kuzihesabu boriti kwa sauti, polepole, kama anayehesabu vidonge vya mgonjwa. Alipofika katikati alijidai amekosea, akaanza upya. Waliobeba jeneza wakaanza kulalamika mabega. Mzee wa samaki akapaza sauti kutoka nyuma kwamba yeye naye anadai kodi ya kanzu.

"Bwana wee," shehe akasema, na yeye sauti yake haikuwa imara, "lipa tukazike. Jua halingojei watani."

Jirani wa Chini alisimama hapo akicheka na machozi yanamtoka, na sikuweza kutambua kipi kimeanza. Aliingia chumbani kwake. Akatoka na fedha imekunjwa, akachutama kunipa mkononi, si kunitupia. Ilikuwa fungu la nne lote, halikupungua hata noti.

"Leo deni umelileta kwa mlango wake," akaniambia kwa sauti ya chini. "Siku zote unanijia na mkataba. Mkataba nilipewa na shirika, fundi. Utani nimezaliwa nao. Huu nikiukimbia nitakwenda kukaa wapi?"

Fundi mwashi alikuwa msibani, amesimama chini ya dirisha. Nikampa palepale, akazihesabu mara mbili kwa vidole vyake vinene, akasema cherehani itakuja wakitoka makaburini. Ndipo tukaondoka kizingitini, mimi na Mama Nesi, na bibi akapita. Nililia wakati jeneza linashuka barazani, nikalia kweli. Nilimpenda yule bibi. Cherehani ilirudi alasiri ile kwa mkokoteni ule ule, na Ramadhani nzima nilishona mpaka kiuno kikakataa kunyooka, kwa sababu mitumba au si mitumba, mtoto wa Idd anataka gauni lisilofanana na la jirani.

Usidhani alibadilika. Mwaka uliofuata ngazi zilioza, tukagawa mara nne, akatuambia yeye hapandi ngazi. Hatukugombana naye tena. Tukangoja. Mpwa wake alipoolewa, nilimkalia bibi harusi mlangoni nisimwachie atoke mpaka ngazi zilipolipwa. Msingi wa upande wa kusini ulilipiwa kwenye tohara ya wajukuu. Bomba la maji ya mvua lilikaa bovu miaka miwili kwa sababu kwenye ukoo wake hakufa mtu wala hakuoa mtu, na Mama Nesi alifikia hatua ya kuulizia kama hakuna kijana wao aliye tayari hata kuchumbia. Nyumba yetu ikawa inatengenezwa kwa ratiba ya shughuli za Wangindo. Ofisa wa shirika alipotuuliza tumefaulu vipi kuliko nyumba zingine zote, Mama Nesi akamjibu kwamba tuna utaratibu.

Mimi nilihamia Masoko baadaye, kwa binti yangu, na cherehani yangu. Mama Nesi alirudi kwao uwandani akafia huko, Mungu amweke pema. Ikapita miaka sijapanda basi dogo kwenda Kivinje. Siku moja nikasikia kwa mteja kwamba Jirani wa Chini anaumwa miguu na hauzi tena. Nikafunga duka, nikaenda.

Nilimkuta barazani, kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba imewekwa juu ya kigoda. Baraza lilikuwa tupu. Amekuwa mdogo. Shati alilovaa lilikuwa la timu fulani ya nchi nisiyoijua, na lingewatosha wawili kama yeye. Nikamwamkia shikamoo, kwa mazoea.

"Usiniamkie," akasema. "Mtani haniamkii. Au umeshanisamehe?"

"Unaendeleaje?"

"Naendelea kuteremka." Akanieleza habari za daktari, akazieleza kwa kuchekesha, na mimi nikacheka pale alipotaka nicheke. Halafu akaacha mzaha. "Fundi, nataka unishonee kanzu."

"Wewe? Maisha yako yote umevaa mitumba ya kafa Ulaya."

"Ndiyo maana. Nataka moja ambayo hakuna aliyeitangulia. Pima."

Futi yangu huwa mkobani. Nikampima mabega, nikampima kifua, nikampima mkono. Nilipofika urefu ilibidi asimame, akaniegemea, na nilihisi mifupa yake. Nilijitahidi nisionyeshe kitu usoni. Alirudi kukaa, akapumua kwa muda.

"Ufundi bei gani?"

"Kwa wewe, elfu nne."

"Elfu nne!" Akanitazama kwa dharau kubwa, kama zamani alivyowatazama waliotaka kupunguziwa bei ya koti. "Unataka kunitukanisha? Uje usimamishe jeneza la mtu mzima kama mimi kwa deni la elfu nne? Watu watasema Mngindo yule alikuwa wa bei rahisi."

Ndipo nilipomwelewa. Nikajifanya nakunja futi.

"Elfu sita," nikasema.

"Umeshona mwenyewe au amekushonea mtoto? Ongeza."

"Elfu nane. Na vifungo."

"Hiyo ni ya vifungo peke yake. Kumi."

"Kumi na mbili," nikasema, "na tarizi ya shingoni, na nauli yangu ya kuja na kurudi, na usumbufu."

"Usumbufu kiasi gani?"

"Miaka ishirini."

Alifurahi mpaka akapiga paja lake lenye uvimbe, akaumia, akafurahi tena. Tulibishana hivyo mpaka adhana ya alasiri, yeye akipandisha na mimi nikipandisha, wapita njia wakisimama kusikiliza, na ikafika bei ambayo sijapata kumtoza mtu yeyote kwa kanzu tangu nianze kushona. Nikamwambia italetwa Ijumaa. Nikamwuliza atatanguliza kiasi gani.

"Sitangulizi hata senti," akasema, akanipa mkono, na tukapeana mikono juu ya hilo.